Shemeji, Sogea Kidogo

Mtaani walimwita mjomba wangu Bwana Sogea, na jina likamkaa. Kwa miaka ishirini alipiga picha za ardhi iliyopitiwa na vita: madaraja yaliyokatika, kuta zilizotobolewa na risasi, mashamba yaliyozungushiwa utepe mwekundu kwa sababu ya mabomu ya kutegwa. Ndani ya picha hakumtaka mtu hata mmoja. "Ukimweka mtu," alisema, "watamtazama mtu. Ardhi ataitazama nani?" Basi kila alipotega kamera ilikuwa sogea mama, sogea babu, sogea na mbuzi wako. Hata kuku aliwaomba radhi kabla ya kuwafukuza. Tulimcheka, lakini picha zake zilipotundikwa kwenye kumbi za wakubwa tulitembea vifua mbele.

Siku aliyokwenda kwenye tanuri la matofali lililopigwa bomu, baba alimsindikiza, akambebea miguu ya kamera. Mjomba alimaliza filamu nzima, kisha akapanda kilimani kutafuta mandhari nyingine. Baba alibaki akipiga soga na wafyatua matofali. Alasiri wanajeshi walifika na lori, wakawachukua wote. Hatujawaona tena.

Vita vilipoisha, wanajeshi walisema pale hapakuwa na mtu yeyote. Ofisi ya waliopotea ikamwambia mama alete ushahidi kwamba mumewe alikuwepo siku ile, la sivyo hawataandika jina lake, na asiyeandikwa hatafutwi. Neno la shemeji mtu halikutosha. Walitaka kitu cha kuonekana kwa macho. Mama hakuwa na wasiwasi. Kaka yake si mpiga picha?

Mjomba alizimwaga negativu za filamu ya siku ile mezani kwetu, akaziinamia na kioo cha kukuzia, moja moja. Matofali. Majivu. Ukuta uliopasuka. Mama alisimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Kaka, hata mguu?"

"Hakuna."

"Hata kivuli chake?"

Mjomba akavua miwani. "Kivuli kiliingia, dada. Nikamwambia, shemeji, sogea kidogo."

Mama alizipeleka picha hivyo hivyo, maana mfa maji haachi kutapatapa. Ofisi ilizitazama zote thelathini na sita, ikaandika kwenye jalada: eneo halikuwa na watu. Nilimchukia mjomba siku ile. Sasa nimechoka tu. Yeye mwenyewe hajashika kamera tangu hapo.

Mama alichagua picha moja, akaitundika sebuleni, akamwita kaka yake.

"Alisimama wapi?"

Mjomba akaweka kidole nje ya fremu, upande wa kulia, kwenye ukuta mtupu.

Mwaka jana nilipaka sebule rangi. Nilipofika kwenye picha mama alinishika mkono, akasema hapo niache. Kando ya fremu, upande wa kulia, pana doa jeusi, ukubwa wa kiganja chake.