Kuitikia Nisichokijua

Fomu ya chuo cha Ujerumani, nilikokuwa naenda kusoma muhula mmoja, iliuliza lugha mama yangu ni ipi. Nikaandika Chasu bila hata kufikiri. Mimi Mpare, ningeandika nini kingine? Kiswahili ni cha kila mtu, nami nilitaka kuonekana mtu mwenye kwao. Baada ya wiki moja wakaniandikia kwamba wanafunzi wageni wote wajirekodi wakisalimia kwa lugha mama, dakika mbili, kwa ajili ya sherehe ya kutupokea. Nilikaa na simu mkononi, sina hata sentensi moja.

Nimekulia Same mjini, mtoto wa mwalimu. Mama alipiga marufuku Chasu nyumbani, eti kitatuharibia Kiswahili cha shule. Nilichookota ni matusi mawili matatu na majina ya vyakula. Upare wangu wote ulikuwa wa bwenini: yakipikwa makande, chakula chetu Wapare, wenzangu wananiita nikaonje kama yameiva, nami nacheka, najiona Mpare kamili.

Basi nikapanda milimani, Vudee, kwa bibi, mama yake baba. Zamani alizungumza nasi Kiswahili cha kujikokota, kwa kumheshimu mama. Mwaka jana alipata kiharusi, na alipoanza kusema tena, Kiswahili kilikuwa kimefutika, kimebaki Chasu peke yake. Habari hizo nilipewa kwa simu nikajibu pole, kana kwamba nasimuliwa ya jirani. Tangu hapo sikuwa nimekwenda kumwona. Nilikwenda siku niliyohitaji kitu.

Shangazi, anayemuuguza, alinikalisha kando ya kitanda, akaenda kuchota maji bombani.

"Shikamoo bibi," nikasema.

Akanishika mkono kwa ule wake mzima. Nilipanga nimrekodi, kisha niyakariri maneno yake. Nikawasha simu, nikamwonyesha kwa kiganja ndege inavyopaa. Akaanza kusema taratibu, akinyamaza kila baada ya maneno machache na kunitazama usoni. Nilijua anauliza kitu. Nikaitikia ee. Ee ni ee popote. Akauliza tena, nikasema ee na kutabasamu, maana ndivyo tulivyolelewa, mkubwa akisema unaitikia. Mara ya tatu niliitikia kabla hajamaliza. Akauachia mkono wangu, akageukia ukutani.

Shangazi aliporudi nilimsikilizisha ile rekodi uani. Aliinama, akasikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua alichokuuliza?"

"Hapana, shangazi."

"Ameuliza kama umekuja kumuaga. Ukasema ee." Akanirudishia simu. "Akauliza, ndiyo basi, hatutaonana tena? Ukasema ee. Akauliza, hata kunizika hutakuja? Mwanangu, hapo hata hukungoja amalize."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu mwenyewe ndiye mimi, nimesimama pale na simu ya bei mbaya, najichukia.

"Naenda miezi mitano tu! Mwambie!"

"Nenda ukamwambie wewe," alisema, wala si kwa hasira.

Akanifundisha neno moja tu, la kusema nitarudi. Nililirudia na kulirudia, ulimi ukiteleza palepale kila mara, mpaka akachoka akasema ataelewa.

Nikaingia, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikalisema. Bibi hakugeuka. Nikalisema tena kwa sauti zaidi, na hapo nilikuwa nimeanza kulia. Akageuka polepole, akanitazama kwa makini, kwa adabu, kisha akamwuliza shangazi jambo pale mlangoni.

"Amesema nini?"

Nikainuka, nikamshika kanga.

"Niambie, shangazi."

"Anauliza mgeni anataka nini."