Sura ya Saba Bila Wino Mwekundu

Kazini wanamwita Jicho, na jina hilo hakulipata kwa upendeleo. Kwa miaka kumi na minne amekaa ghorofa ya pili ya kampuni ya vitabu akisoma prufu, zile kurasa za majaribio zinazokaguliwa kabla kitabu hakijaenda kiwandani. Mkato uliopotea njia huuona kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Wenzake husema hata kadi ya harusi hawezi kuisoma bila kuomba kalamu nyekundu.

Jumatatu moja mhariri mkuu alimletea riwaya ya vijana, kurasa mia mbili na arobaini. Mwandishi alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake.

Alijua kitabu kinakuja. Kaka yake alikuwa ameshakitangaza kwa ukoo mzima, na mama yao alianza mazungumzo yote na habari za "mkwe wangu mwandishi" kabla hajauliza mtu ameamkaje. Jicho alicheka pamoja na wengine, rohoni ana donge. Yeye ndiye aliyesomea lugha chuoni. Wifi alisomea ushonaji, na riwaya aliiandika kwenye meza ya jikoni huku watoto wakimwaga maziwa. Kama kuna mtu katika familia ile aliyestahili jina lake kukaa kwenye jalada, Jicho hakuwa na shaka ni nani. Kwamba hakuwahi kuandika hata sura moja, hilo hakuliona kuwa hoja.

Kampuni ina utaratibu: prufu ikizidi makosa arobaini, kitabu hurudishwa kwa mwandishi na nafasi yake ya msimu hupewa mwingine. Mhariri mkuu alimuuliza kama ingefaa kazi ile apewe mtu asiye ndugu. Jicho akajibu kazi ni kazi, akachukua kalamu mpya.

Riwaya yenyewe ilikuwa ile hadithi ya kale ya binti mfalme aliyelala miaka mia, lakini imeshikwa kwa upande wa pili. Wifi alimwacha binti mfalme kitandani, akamfuata msichana wa jikoni wa miaka kumi na sita. Usingizi wa uchawi haukumpata kwa kuwa uliogopa moto, naye alikuwa ameinama mekoni. Jumba zima limelala. Moshi umesimama hewani kama nguzo, nzi wameganda ukutani. Yeye tu yuko macho, wala hazeeki, na moto ukizimika naye atalala.

Jicho aliisoma kama askari anavyopekua mzigo. Hadi mwisho wa sura ya sita alikuwa na makosa thelathini na manne, na hesabu ile ilimkolea kuliko chai. Alimwambia mpangaji kurasa, anayekaa mkabala naye, kwamba kwa mwendo huo wifi atarudishiwa furushi lake. Mpangaji kurasa, mtu asiyechagua wakati wa mzaha, akamjibu kwamba mawifi wangepewa kukagua vitabu, maktaba zote zingekuwa maghala ya viazi.

Katika sura ya saba, msichana wa jikoni anamchana binti mfalme nywele kila asubuhi zisije zikafungamana. Anamchukia. Aliyelala ndiye atakayekujiwa na mwana wa mfalme, aliye macho hakuna anayejua kama yupo. Mkasi uko palepale kitandani. Kila asubuhi anautazama, na kila asubuhi anachana mpaka mwisho, vizuri kabisa, kwa sababu hajui kuchana vibaya.

Saa sita mchana Jicho aliisukuma sura hiyo ng'ambo ya meza. Mpangaji kurasa akatazama ukurasa wa kwanza, akaugeuza umwelekee mwenzake. Juu kabisa, kwa herufi kubwa kama vidole gumba, paliandikwa Sura ya Sita badala ya Saba.

"Dada Jicho," alisema, "leo umevaa miwani ya nani?"

Jicho akapekua kurasa zote kumi na nane za sura ile. Hapakuwa na alama nyekundu hata moja. Alikumbuka kitana, alikumbuka mkasi, alikumbuka hata upande ambao nywele zilikuwa zimelaliwa. Herufi hakukumbuka hata moja.

Aliichukua tena akaisoma kinyumenyume, neno la mwisho kwanza, kama wasomaji prufu wafanyavyo wanapotaka maneno yasiwasimulie kitu. Yakatoka makosa tisa. Jumla arobaini na matatu. Alichokitamani tangu Jumatatu kilikuwa mkononi mwake, kwa kanuni, na hakuna ambaye angemlaumu.

Ila fomu ya ripoti ina mstari unaouliza kwa nini makosa ya usomaji wa pili hayakuonekana katika ule wa kwanza. Hakuwahi kuujaza. Angeweza kuandika uchovu, na angeaminiwa. Alikaa na mstari ule mpaka wenzake wakarudi kutoka kula. Kijicho kilimwambia aandike uchovu. Akaandika: "Msomaji alisahau kazi, akawa anasoma."

Mhariri mkuu aliisoma amesimama. Alisema utaratibu aliutunga mwenyewe na anaweza kuuvunja. Makosa yatasahihishwa hapahapa, kitabu kitoke msimu huu. Jicho aliomba arudishiwe fomu. Hakurudishiwa.

Jioni wifi akapiga simu. Mhariri mkuu alikuwa ameshamsomea ule mstari, na alitaka kujua ni wapi hasa msomaji aliposahau kazi.

"Kwenye mkasi," Jicho alisema. "Nilitaka azikate."

"Hata mimi. Mara tatu niliandika anazikata."

Jicho akamuuliza alimwonea nani wivu kiasi hicho, mpaka akaujua vile.

"Wewe, wifi," alisema yule mwingine, bila kusita. "Mama akipata barua, hata ya tangazo, anaiweka kabatini mpaka uje umsomee. Na mimi niko palepale, najua kusoma."

Jicho alisema bado ana sura ya nane, akakata simu. Kesho yake aliianza kinyumenyume tangu asubuhi.