Soli Isiyoshonwa

Mimi ni fundi viatu, na kazi yangu ina sheria moja: soli ikishabandikwa kwa gundi, lazima ishonwe. Gundi na maji havipatani. Wimbo huo kila mteja ameusikia, mpaka mtaani wananiita Mzee Uzi.

Basi asubuhi ile shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliniletea kiatu chake cha kulia kikiwa kimeachama mdomo. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo, na mke wangu alitung'ang'ania twende porini tukaone maporomoko yakiwa yamejaa. Chakula kilishafungwa, watu wako mlangoni. Nikapaka gundi, nikagonga nyundo mbili tatu, nikamrudishia kiatu.

"Hushoni?" akauliza.

"Kwani unakwenda vitani? Vaa twende."

Maporomoko tuliyasikia kabla ya kuyaona. Maji yalikuwa mekundu kwa udongo, yanashuka na magogo, na manyunyu yake yalitulowesha tungali mbali. Naona aibu kusema, lakini nilifurahi sana. Mke wangu alikuwa akicheka peke yake. Shemeji akapanda jiwe ili aone vizuri. Nikaona mguu unakwenda mbele na soli inabaki nyuma, kisha juu ya jiwe hakuna mtu.

Alivunjika chini ya goti, mahali pawili. Wenzangu walipokuwa wakimfunga mguu kwa vijiti, mimi niliiokota ile soli nikaitia mfukoni. Wote walisema ni utelezi, nami nikasema ni utelezi.

Sasa shemeji ni fundi rangi, riziki yake iko juu ya ngazi. Mama mkwe alitafuta wa kumlaumu, akampata binti yake: nani aliyewapeleka watu kwenye maji yale kama si yeye? Akaacha kusema naye. Tukienda kwake kumjulia hali mgonjwa, salamu yangu anaipokea kwa mikono miwili, ya mke wangu anaiacha hewani. Mwenzangu anakaa pale kizingitini karibu na viatu vya watu. Mimi napewa kiti na chai. Nilijiona mtu ovyo, na kweli nilikuwa mtu ovyo.

Wiki ya tatu, kabla hatujaondoka nyumbani, niliingia kibandani kwangu pa kazi, pale uani, nikaitoa soli kwenye kisanduku cha misumari nilimoificha. Tulipofika, mama mkwe akanimiminia chai, akasema, "Wewe mwanangu huna kosa. Mkeo ndiye aliyekuponza."

Nikaiweka soli mezani. "Mama, hii sikuishona. Kosa ni langu."

Shemeji akaichukua, akapitisha kidole pembeni kote akitafuta tundu la sindano. Hakulipata hata moja.

"Kumbe," akasema, akageukia ukutani.

Nilimtazama mke wangu nikitegemea atashtuka. Wala.

"Kibanda chako nakifagia mimi," alisema. "Niliiona wiki ya kwanza. Nikasema ngoja nione atanyamaza mpaka lini."

Mama mkwe akainuka. Nilidhani ananifukuza. Alinipita, akavuta kiti kilichokuwa kando yangu, akampelekea binti yake pale mlangoni. Kisha akarudi, akachukua kikombe changu kikiwa bado nusu.