Vidonge Katika Kopo la Vanishi

Mwanangu, niliporudi Kigali kutoka Bujumbura na diploma yangu ya useremala, ndugu walitazama nilivyokonda wakasema, "Huyu hata stuli moja hataimaliza." Leo nina karakana Gisozi, mafundi tisa, na meza zangu zimejaa maofisini Kacyiru. Muulize yeyote. Wasichojua ni kwamba ninaishi na virusi vya UKIMWI, na kwamba ni dawa iliyonirudishia mwili huu unaouona.

Nimesikia daktari amekuambia dawa zako hazifanyi kazi tena, nawe umejifungia chumbani ukisubiri kufa. Toka, ukae hapa. Njia hiyo nimeipita, tena niliipita vibaya.

Wakati ule, kila nilipopeleka samani Rubavu au Huye, nililala siku mbili tatu chumba kimoja na dereva wangu, Kagabo. Sikutaka aone dawa. Patron, bosi mwenye diploma, ameze vidonge mbele ya dereva wake? Nikaviacha nyumbani. Lakini kliniki muuguzi alihesabu vilivyobaki. Basi kabla ya kwenda kliniki nilitoa vile vya siku nilizoruka, nikavitia katika kopo tupu la vanishi juu ya kabati la karakana. Hesabu ilitoka sawasawa kila mara. Mimi na hesabu hatujawahi kukosana.

Damu ndiyo iliyokataa. Naiona hadi leo ile asubuhi Mama Aline, muuguzi wangu, aliposukuma karatasi ya majibu mezani. Virusi vilikuwa vimejaa tena.

"Muzee, vidonge vyako viko sawa. Basi dawa ndiyo imeshindwa. Tukubadilishie?"

Nilikaribia kusema ndiyo. Heshima yangu ingebaki mahali pake. Kisha akauliza taratibu, "Na Devota nyumbani?"

Devota ni mke wangu, na hana virusi. Dawa ilipokuwa imevishusha virusi hadi visionekane katika vipimo, nisingeweza kumwambukiza. Sasa ningeweza.

Nilipanda pikipiki hadi Gisozi, nikarudi na lile kopo, nikalimimina mbele yake. Mama Aline alilitazama rundo, kisha akanitazama mimi.

"Hiyo diploma ni ya mbao ama ya uongo?"

"Ya mbao, dada."

"Basi niambie, fundi. Ukibadilisha hizi, zile mpya nazo utazitia kwenye kopo?"

Akanieleza kwamba ukiruka siku, virusi huizoea dawa hadi isivitishe tena. Zipo dawa nyingine za kushika nafasi yake, lakini aina zake si nyingi kiasi cha kuchezea. Akanitaka nimeze kila siku kwa miezi mitatu, kisha tupime upya. Nilimweleza Devota yote jioni ile. Alinuna siku mbili, na kondomu akazinunua yeye mwenyewe.

Safari iliyofuata, kule Huye, nilitoa kidonge mbele ya Kagabo.

"Ni hicho tu, Patron?" akasema. "Mimi nilidhani unaficha pombe!"

Miezi mitatu ikaisha. Virusi vilikuwa vimepungua, lakini si kwa kiasi cha kutosha. Vilikwisha kuizoea dawa ile. Daktari akanihamishia dawa za mstari wa pili, zile zinazotolewa za kwanza zikishindwa. Wiki za kwanza tumbo lilinisumbua, nikaripoti kliniki, nikaendelea. Kipimo kilichofuata hakikuona virusi. Devota naye alipimwa, akawa salama. Siku hiyo nilitembea kutoka kliniki hadi Gisozi kwa miguu, mlima wote, kifua mbele kuliko siku niliyopokea diploma.

Sasa, mwanangu, nisikilize. Dawa moja kushindwa si wewe kushindwa. Rudi kliniki kesho. Waambie siku ulizoruka, na kama hukuruka, waambie hivyo pia, maana dawa inaweza kushindwa kwa sababu nyingine nao wataitafuta. Usiache ulizo nazo kabla hawajakwambia. Wakikupa mpya, zimeze hata mbele ya watu. Dawa zangu hukaa mfuko wa shati, pamoja na penseli yangu ya kupimia, na Kagabo ndiye anayenikumbusha saa.

Mungu akupe mwili wenye nguvu na mdomo usioogopa kusema kweli. Uzeeke kuliko mimi, ukaezeke nyumba yako mwenyewe. Milango nitaitengeneza mimi, nawe ujue hakuna Kigali nzima anayetengeneza mlango kama wangu.