Wiki Zisizo na Udi Ndia Kuu

Niliondoka Wundanyi kwa sababu ya mkojo. Nalisema wazi tangu hapa, maana aibu haijaponya mtu. Miaka kadhaa nyuma nilitibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi, nikapona, nikarudi darasani kufundisha. Mwaka huu nikaanza kukojoa damu. Moyoni nilisema, ugonjwa umerudi. Daktari alinipima akasema haujarudi: ni kibofu kilichounguzwa na ile mionzi, makovu yake yanakosa damu na hewa, ndiyo maana hayaponi. Ilibaki tiba moja ya kujaribu, kuvuta oksijeni ndani ya chumba cha chuma kilichojazwa hewa ya kubanwa, na chumba hicho kiko Mombasa. Isiposaidia, kibofu kitatolewa, nami nitembee na mfuko wa mkojo tumboni maisha yangu yote. Nilifunga begi siku ile ile.

Voi nilipanda treni. Nilikaa karibu na choo, na kila nilipotoka humo nilitazama dirishani bila kuona kitu. Abiria wa pembeni aliniona nimevaa vizuri, akaniuliza kama naenda harusini. Nikamjibu ndiyo. Sikuwa na nguvu ya kueleza.

Ndia Kuu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, nilipokewa na Bi Zuhura, niliyesoma naye chuo cha ualimu. Mumewe anafanya kazi Maskati na watoto wameshaoa, kwa hiyo yumo peke yake katika nyumba ya ghorofa. Yeye tu ndiye niliyemweleza ugonjwa wangu. Alinilisha mpaka nikaomba msamaha, akanilaza juu ya kitanda kilichomwagiwa asmini. Asubuhi ya matibabu alitia makaa kwenye chetezo, akafukiza nguo zangu kwa udi, akanipaka mafuta nyweleni na manukato nyuma ya masikio. Nilitoka nanukia kama bibi harusi, na kwa mara ya kwanza tangu damu ianze nilijiona mtu.

Kilindini, karibu na bandari, ndiko kiliko chumba chenyewe. Hutumiwa pia na wazamiaji wanaotengeneza meli chini ya maji, wakipanda juu haraka wakaumia. Mwendeshaji wake ni Bwana Wafula, mtu wa Bungoma. Alinipa mkono, kisha akasita.

"Mama, umefukizwa udi?"

Nikamwambia ndiyo, tena kwa fahari. Akanieleza taratibu kwamba penye oksijeni nyingi namna ile, mafuta au manukato kidogo tu yanaweza kushika moto kwa cheche ndogo, na watu wamo ndani. Nguo iwe pamba tupu, mwili na nywele visiwe na kitu.

"Leo siwezi kukufungia humu," akasema. "Nenda ukaoge, ufue kila kitu, urudi kesho."

Nililia ndani ya tuktuk njia nzima. Asubuhi ile damu ilikuwa imezidi, na siku imepotea kwa sababu ya kupendwa.

Nyumbani, Bi Zuhura alinisikiliza mpaka mwisho, nikadhani amekasirika. "Mgeni wangu atoke mlangoni hanukii kitu? Watu watanenani?" Kisha akakichukua chetezo, akakifunga kwa gazeti na kukipandisha juu ya kabati pamoja na chupa zake zote. Mapazia yalikuwa yamelewa udi wa miaka, akayashusha tukayafua. Alikwenda Makadara kutafuta sabuni isiyo na harufu, akazunguka maduka hata akarudi na mche wa kufulia, akisema wauzaji wamemwona ana wazimu. Yeye mwenyewe aliacha kujipaka, kwa kuwa hunikumbatia kila ninapotoka.

Kuanzia kesho yake nikawa naingia chumbani siku baada ya siku. Mlango hufungwa, hewa huvuma, masikio huziba kama unaposhuka kona za Wundanyi, nawe humeza mate mpaka yafunguke. Halafu huvishwa kofia ya plastiki iletayo oksijeni na kuvuta pumzi. Hakuna kingine. Nilijiandaa kwa mateso, nikakuta usingizi.

Mtaani mambo yalikuwa mengine. Mji wa Kale, mwanamke anayeacha manukato ghafla, tena nyumba yake haifukizwi hata Alhamisi jioni, ni mjane aliye edani, akimwomboleza mumewe. Majirani walianza kuja, wakikaa kimya na kusema kwa sauti ya chini. Mmoja alileta sinia la wali. Bi Zuhura aliwaambia mumewe ni mzima, wasisadiki, wakadhani anaficha msiba. Mwisho mume mwenyewe akapiga simu kutoka Maskati, analalamika kwamba ndugu zake wanamlilia.

Nilimsihi Bi Zuhura awaambie majirani ukweli, kwamba udi umeachwa kwa ajili yangu.

"Maradhi yako si ya barazani, shoga," akanijibu. "Waache wanene."

Wiki zikapita. Wekundu ukawa rangi ya chai, chai ikazidi kupauka, hata asubuhi moja nikaona maji safi. Nilimwita Bi Zuhura aje kutazama, maana macho yangu sikuyaamini. Wanawake wazima wawili tukasimama chooni tumeshikana mikono tukilia.

Voi, nikiwa njiani kurudi nyumbani, daktari aliingiza kamera yake akachungulia muda mrefu. Kibofu kinabaki, akasema. Nilitoka nje kwa raha tupu. Nilikuwa nimefuata hewa Mombasa na nimeipata, namshukuru Mungu. Lakini nimejifunza jambo ambalo sikulifuata: mtu anaweza kukukirimu kwa kujinyima, huku watu wakimdhania vibaya, naye asijitetee.

Nilimpigia Bi Zuhura palepale. Nikamsikia anavuta kamasi.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi wacha n'ende nikawaambie hakufa mtu."