Vijiti vya Kitambaa Chekundu

Ipo siku moja ambayo ikinirudia, mimi huacha nilichoshika mkononi nikakaa chini, mwanangu. Nitakusimulia leo kwa sababu umepata kazi. Nimesikia kwamba Jumatatu unapanda pickup na wenzako kwenda upande wa Beni, kupima udongo kabla majengo hayajaanza. Mama yako, mdogo wangu, amefurahi hadi amechinja kuku. Kuku nimemla, sikukataa, lakini furaha yenyewe sikuipata. Usinikasirikie. Kazi hiyo niliifanya kabla hujazaliwa, na mimi niliporudi kutoka kwenye kilima kimoja sikuwa tena mtu aliyeondoka.

Nilikuwa msichana peke yangu kwenye timu yetu. Hapa Butembo walinitania sana. Walisema nimekosa mume wa kumtwangia mihogo, nikaamua kutwanga ardhi. Nilicheka nao, maana nilijivunia kile chombo. Ni hiki hiki mnachokiita penetrometa, ila chetu hakikuwa na kioo wala betri. Kilikuwa fimbo ya chuma yenye ncha kali, na juu yake nyundo nzito iliyotobolewa katikati ili iteleze. Unainua nyundo mpaka mwisho, unaiachia, inaanguka, na fimbo inaingia ardhini. Mwenzako anasoma kwenye rula imeingia kiasi gani. Ikikataa kuingia, udongo una nguvu, jenga. Ikizama kwa urahisi, udongo ni dhaifu, tafuta pengine. Hiyo ndiyo elimu yenyewe, ingawa shuleni walituzungusha nayo sana.

Kilima ninachokisema kiko upande wa Vuhovi. Tulitumwa kupima mahali pa kujenga maternité, nyumba ya kujifungulia. Wanawake wa kule, uchungu ukiwashika, walibebwa kwenye machela ya miti mpaka barabarani, wakapandishwa pikipiki kuja mjini, na wengine hawakufika. Kwa hiyo tulipotokea na vyuma vyetu hakuna aliyetununia. Walituletea viti, walituletea ndizi, na mimi, kwa kuwa nilikuwa mwanamke, nilipewa nyumba ya mjane mmoja mzee ili nilale kwa heshima. Watu wote walimwita Mukaka Kahindo, yaani bibi Kahindo. Aliishi na mwanawe Kakule, na mke wa Kakule, Masika, ambaye mimba yake ilikuwa imeshakuwa kubwa.

Mkubwa wetu alikuwa Injenia Mbusa. Nisimseme vibaya kuliko anavyostahili. Alikuwa mtoto wa hapa hapa, lugha yetu ya Kinande aliinyonya kwa mama yake, na kazi aliijua. Lakini alikuwa na hofu. Aliogopa kwamba watu wakisikia sehemu fulani ya kilima ni mbovu, maneno yatawafikia wafadhili, nao watahamishia jengo kwingine. Asubuhi ya kwanza, kabla hatujashusha vyombo, alitukataza kumwambia mtu yeyote lolote. Matokeo, alisema, ni ya ofisi.

Basi tukaanza. Mlio wa nyundo ile unaufahamu, unafika mbali, na kwenye vilima vile unarudi tena kutoka upande wa pili. Watu waliacha majembe wakaja kuangalia. Penye udongo mzuri tulipima tukasonga mbele. Lakini chini ya mikaratusi kulikuwa na kipande cha mteremko kilichowahi kuporomoka zamani, udongo ukajipanga upya na majani yakaota juu, usijue kitu. Pale fimbo ilizama kama kwenye bugali. Kila ilipozama namna hiyo, Injenia alichomeka kijiti na kufunga kitambaa chekundu. Maana yake: hapa hapafai, msijenge. Kisha, kwa ajili ya maabara, alichomoa fimbo, akachukua udongo ulioganda kwenye ncha, akausugua kwa vidole, akauinua kwenye jua autazame, akautia kwenye sachet ya plastiki, akaifunga vizuri, akaiweka ndani ya mfuko wake.

Mwanangu, wewe umekulia Butembo. Umewaona wanunuzi wa dhahabu, unajua wanavyosugua na wanavyotazama juani. Sasa jiweke mahali pa kijana wa kule, uone mtu wa mjini amekuja na gari, anatoboa ardhi yako, anafanya hayo yote, halafu anaweka alama nyekundu na kunyamaza.

Kakule ndiye aliyeuliza. Alisimama mbele ya wenzake, kofia mkononi, kwa adabu kabisa.

"Patron, munatafuta nini mu udongo yetu?"

"C'est technique, petit," Injenia alimjibu kwa Kifaransa, kwamba ni mambo ya kitaalamu, bila kumtazama. "Utaelewa wakati nyumba itasimama."

Kakule alicheka kidogo. Aliangalia mfuko, akaangalia vijiti, akaenda zake. Nilimwona anavyoangalia.

Jioni nilikaa jikoni na Mukaka Kahindo akipika maharagwe. Sikuweza kumeza chakula cha mtu ninayemficha jambo. Nikamwambia, kwa sauti ya chini kwa sababu Injenia alikuwa nje.

"Mukaka, kule tuliweka kitambaa chekundu, udongo iko mubovu. Hauwezi kubeba nyumba. Ata kuchimba pale ni hatari, itaangukia bantu."

Aliacha kukoroga. "Na juu ya nini hamukusema vile pale inje?"

"Chef alikataza."

Aliepua chungu. Kakule alipoingia, mama yake alimweleza neno kwa neno, na akamsihi mbele yangu asisogee kwenye ile mikaratusi. Kijana alinitazama kwa upole, hakuwa na hasira hata kidogo.

"Dada, weye uko mutu muzuri," alisema. "Lakini mutu akiona zahabu, anasemaka nini? Anasema iko udongo mubovu tu. Mimi pia ningesema vile. Maternité yenu haitasimama kabla Masika hajazala. Nataka nimupangishie chumba kule Butembo, karibu na hôpital. Donc, uniache."

Nilimweleza tena. Nilimweleza kwa Kiswahili, nikamweleza kwa Kinande. Kadiri nilivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuamini kwamba nimetumwa kulinda kitu. Alikuwa ameshawaona wengi, hasa wale waliokuja kilimani kwao wakasema hili huku wanatafuta lile. Kwa nini mimi niwe tofauti na wao?

Tuliondoka tukaviacha vijiti, kwa sababu tulipaswa kurudi kumalizia. Tuliporudi hakuna aliyetuletea kiti. Nilishuka kwenye gari nikaenda moja kwa moja kwenye mikaratusi. Kila penye kitambaa chekundu palikuwa na shimo. Kule juu, kwenye udongo mgumu ambako tulipima bila kuweka alama, hakuna aliyegusa. Walifuata vijiti vyetu kimoja kimoja, wakachimba pale pale ambapo chombo kilikuwa kimetuonya. Shimo la Kakule ndilo lililokwenda chini zaidi, maana alikuwa na nguvu na alikuwa na haraka. Mvua, walivyonieleza, ilinyesha mchana wa jana yake akiwa ndani. Ukuta ukaachia. Mwenzake aliyekuwa juu akivuta ndoo alipiga kelele, watu wakaja na majembe, kisha wakatupa majembe wakatumia mikono wasije wakamkata. Walimtoa akiwa hapumui.

Msiba ulikuwa bado unaendelea. Injenia alibaki ndani ya gari na vioo vimefungwa. Mimi nilikwenda. Mukaka Kahindo alikuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake wa ukoo, Masika pembeni yake amejifunika. Nilipiga magoti. Nilitaka kusema pole, na ndani kabisa, nisikufiche, nilitaka pia akumbuke kwamba mimi nilisema. Alinitangulia. Hakupandisha sauti.

"Nyundo mulipiga mbele ya bantu bote," alisema. "Muzee aliisikia, mutoto aliisikia, ata bale ba kilima ingine balisikia. Ile neno ya kweli, ukaniletea mimi peke yangu, mu cuisine, na sauti ya chini. Nani ataamini neno ya vile?"

Nilibaki nimepiga magoti. Naye akamfunika Masika vizuri, kisha akamalizia.

"Mimi niliamini. Lakini mwenye alikuwa anachimba, hapana mimi."

Sijawahi kuambiwa kitu kikaniumiza namna ile, na nimeambiwa mengi. Angenitukana ningepata pa kujitetea. Alisema kweli tupu, na kweli yake haikumrudishia mtoto, wala yangu haikumsaidia. Tulikaa pale, wanawake wawili ambao wote walijua tangu mwanzo, na Kakule alikuwa amelala ndani akisubiri jeneza.

Ungedhani hapo ndipo mwisho. Hapana. Tulipokuwa makaburini, padri akiwa bado anasoma, kijana mmoja alinisogelea ubavuni. Alikuwa yule yule mwenzake Kakule, aliyekuwa akivuta ndoo. Macho yalikuwa mekundu kwa kulia. Aliniinamia sikioni.

"Dada, ile chuma yenu ilifikaka wapi? Tulibakisha kidogo? Bazee banasema zahabu ikiwa mingi inaombaka mutu kwanza."

Kifo cha rafiki yake, ambacho mimi nilidhani kitawafungua macho wote, kwake kilikuwa ushahidi kwamba dhahabu ipo. Padri alipomaliza niliomba ruhusa ya kusema. Nilisimama kando ya lile kaburi, nikasema kwa Kinande, kwa sauti niliyopaswa kuitumia siku ya kwanza. Nilieleza fimbo ni ya nini, nyundo ni ya nini, kitambaa ni cha nini, udongo tuliouchukua umepelekwa wapi. Walinisikiliza vizuri. Wanaume walivua kofia. Mzee mmoja alinishukuru, akaniambia wasingya, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nami nikaona usoni mwake kwamba ananihurumia, kama unavyomhurumia mtoto aliyetumwa kusema uongo na hajui kuusema.

Wiki iliyofuata walichimba tena.

Maternité haikujengwa. Wafadhili walisikia habari za mashimo na maiti, wakapeleka jengo kwingine, na wapi sikuambiwa. Masika, siku yake ilipofika, alibebwa kwenye machela kama wote waliomtangulia. Nilijaribu kuuliza habari zake, nikapata majibu yasiyofanana. Baadaye bunduki zilipita kule, watu wakatawanyika, wengine Musienene, wengine hapa mjini, na kijana uliyekutana naye jana akiuza vocha barabarani huenda ni wa kilima kile. Mikaratusi yenyewe iliangukia mashimoni. Dhahabu hata chembe haikupatikana. Sidhani kama hilo nalo waliliamini.

Ninachokuomba ni hiki, mwanangu, ukishike kuliko mshahara. Mkifika mahali, kabla hamjainua nyundo, waiteni watu. Si chefu wa kijiji peke yake, wala si padri peke yake, watu wote, na akina mama wawepo. Mpe kijana fimbo aishike, mwachie ainue nyundo mwenyewe, aone jinsi inavyozama na jinsi inavyokataa. Sema alama ni ya nini kabla hujaichomeka. Ukichukua udongo, sema unaupeleka wapi, na ikiwezekana uurudishe. Jibu likiwa baya, litangaze pale pale uliposimama unapiga. Mkubwa wako akikukataza kusema, mkatalie kabla ya pigo la kwanza, na ikibidi shuka kwenye gari urudi kwa mama yako, tutakula nyasi. Ukweli unaochelewa watu huupokea kama uongo mwingine, na mimi nimeuona umefanya nini.

Usiniulize kama hayo yatatosha. Siwezi kukudanganya. Kule unakokwenda watu wamedanganywa na wenye bunduki, na wenye magari, na wenye tabasamu, na sasa hata jirani anapowaambia mvua inakuja wanauliza nani amemtuma. Utasema kweli mapema, hadharani, kwa lugha ya mama zao, na bado wapo watakaokwenda kuchimba ulipoweka alama. Dawa ya hilo sina. Nimeitafuta tangu siku ile, na sasa nimezeeka.

Njoo hapa, inamisha kichwa nikuwekee mkono. Mungu akutangulie kwenye barabara ya Beni na akurudishe mzima kwa mama yako. Akupe udongo mgumu kila utakapojenga, na akupe watu wa kukuamini siku utakapowaambia kwamba ni laini. La kwanza naliomba nikiwa na matumaini. La pili, mwanangu, naliomba tu.