Kondoo wa Pole na Cherehani Iliyokatika Shingo

Lori lilinigonga kutoka nyuma, kwenye barabara ya Ilongero kwenda mjini Singida, wakati Mwingereza bado anatawala. Nilikuwa nimekwisha kushuka kwenye baiskeli na kuikokota pembeni, kwenye majani, maana mlio wa lori niliusikia tangu mbali. Dereva alikwepa ng'ombe waliokuwa wakivuka, akanifuata huko huko majanini. Polisi waliokuja kupima barabara hawakubishana juu ya hilo, wala dereva mwenyewe. Alikuwa Mnyaturu mwenzangu. Alikaa chini kando yangu akirudia, "Fundi, nisamehe, nisamehe," mpaka nikamwomba anyamaze kidogo.

Nilivunjika mtulinga. Lakini nilipoinua kichwa nilitazama kwanza cherehani. Ilikuwa ya mkono, nimeifunga kwenye keria kama nilivyofanya kila siku ya mnada. Ilikuwa imekatika shingoni. Chuma cha namna ile hakiungwi, na nililijua hilo pale pale. Nakumbuka sikusikia chochote moyoni. Ilikuwa kama kusoma tangazo la mtu mwingine ukutani.

Bima ya lori ililipa hospitali. Nilipopona kiasi cha kutembea, nilikwenda boma kuuliza habari ya cherehani. Karani hakuwa mtu mbaya. Alinivutia kiti.

"Sheria inamlazimisha mwenye gari kukata bima ya miili ya watu," aliniambia. "Bima ya mali ya watu ni hiari yake, na tajiri huyu hakuikata."

"Kwa hiyo cherehani yangu?"

"Mdai tajiri mwenyewe. Bwana Shauri, Mzungu anayeamua kesi hapa bomani, atawasikiliza. Ila uwe na shahidi, fundi. Tajiri anajua kusema."

Nilimwomba anionyeshe maneno ya sheria yenyewe. Kiingereza nilikuwa nimejifundisha polepole, kwa vitabu vya kuazima misheni, na nilipenda kuona jambo kwa macho yangu. Nilisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Ilikuwa kama alivyosema. Mwili wangu ulikuwa na bima, kazi yangu haikuwa nayo. Bila cherehani sikuwa fundi, nilikuwa mtu mwenye mkasi.

Kabla ya hapo, nikiwa bado nimefungwa mkono kifuani, dereva alikuwa amekuja nyumbani kwetu na kondoo. Kwetu, aliyemwaga damu ya mwenzake bila kukusudia huleta mnyama, na pande mbili hula pamoja. Ukishakula huruhusiwi kumwekea kinyongo. Lakini kabla nyama haijaguswa, mzee wa upande ulioumia husimama na kusema nyama ile ni ya jambo gani. Baba alisimama, akasema kwa Kinyaturu, taratibu:

"Nyama hii ni ya damu. Ya damu tu. Chombo kilichovunjika kitazungumzwa."

Dereva aliinamisha kichwa kukubali. Kisha baba akanigeukia. "Kula, fundi. Kwa nyama mkono mmoja unatosha." Watu wa nyumbani walicheka, na dereva akacheka kuliko wote, nadhani kwa kuona amesamehewa.

Siku ya shauri, tajiri alikuja amevaa koti. Alikuwa na duka mjini na malori, na alizungumza Kiswahili kizuri.

"Bwana, huyu alipelekewa kondoo, akala," alisema. "Wenyewe ndivyo wanavyomaliza mambo yao. Na kondoo nilimnunua mimi. Sasa anataka kulipwa mara ya pili."

Bwana Shauri alimsikiliza mkalimani, akaniuliza kama nilikula. Nikasema nilikula. Nikaeleza maneno ya baba. Akauliza nani mwingine aliyasikia, asiye wa nyumba yangu. Alikuwepo mmoja tu. Dereva aliitwa.

"Nilikula, bwana. Mzee alisimama akasema maneno."

"Maneno gani?"

Dereva alitazama viatu vya tajiri. "Sikuyasikia vizuri. Nilikuwa nanawa mikono."

Baba alicheka mara moja, kwa sauti. "Ulinawa kabla sijasimama! Si mimi niliyekumiminia maji?"

Akaambiwa anyamaze. Bwana Shauri aliandika kidogo, akasema kwamba kwa desturi yetu wenyewe jambo lilikuwa limekwisha, na kwamba yeye aliiheshimu desturi. Mkalimani alitafsiri akiwa ameangalia dirisha.

Nje, dereva alikuwa anatusubiri karibu na lango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," baba alijibu.

"Fundi," aliniambia, "nina watoto. Lori si langu."

Niligeuka kuondoka. Baba akanigusa bega lile lililopona. "Mjibu. Umekula naye."

"Nimesikia," nikasema. Niliitafuta hasira kama mtu anayepapasa mfukoni kutafuta kitu alichozoea kuwa nacho, na mfuko ulikuwa mtupu. Labda ilikuwa kazi ya ile nyama. Labda nilikuwa nimechoka.

Tajiri alitukuta tukiwa tumesimama hivyo. Hakuwa na uadui wowote. "Mkono umepona, fundi? Basi njoo ushone kibarazani kwangu. Cherehani ninazo. Tutagawana."

Baba alitema mate chini, akatangulia njiani. Mimi nilibaki kidogo. Nilihesabu kichwani njia nyingine nilizokuwa nazo, na hesabu hiyo ilikwisha haraka. Wiki iliyofuata niliketi kibarazani kwake.

Cherehani aliyonipa ilikuwa ya miguu, laini, bora kuliko yangu. Nimeshona nayo miaka mingi na haijawahi kuwa yangu. Ile iliyokatika baba aliiweka ghalani, juu ya mtama, kwa sababu alisema neno lake bado halijazungumzwa.

Dereva alikuwa anapita nyuma yangu kila lori lilipoleta majora ya nguo. Tulisalimiana. Siku moja alisimama mbele yangu na shati lake la kaki, limechanika kwapani.

"Fundi, hili linashonekana?"

Nililigeuza ndani nje, nikaona kwamba linashonekana, nikalishona akiwa amesimama kifua wazi. Nilipomaliza aliuliza bei kwa sauti ndogo. Nilimtajia bei ile ile ya kila mtu. Alilipa, akavaa, nami nikaweka sehemu ya tajiri kwenye kopo lake.